Uthibitishaji wa hatua mbili kwa akaunti za kazi: mwongozo kamili, kuanzia kuwasha hadi siku simu inapopotea

Kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili, yaani kuongeza kitu cha pili cha kukutambulisha baada ya nenosiri, hakuchukui hata robo saa. Kazi yenyewe iko kwingine: kuchagua hatua ya pili isiyoibika kirahisi, kujiandalia njia ya kurudi siku simu ikipotea, na kujua ni wakati gani usiguse kitufe cha kukubali. Wengi wanaolalamika kwamba mfumo huu ni usumbufu waliskani picha ya QR, wakaona tiki ya kijani, wakaendelea na shughuli zao. Simu ikaja kuzima kabisa siku ya kufunga hesabu za mwezi, na hapo ndipo walipogundua kwamba hawana mlango mwingine.

Nimemwandikia mfanyakazi wa kawaida mwenye akaunti ya ofisi, iwe ya Microsoft 365, Google Workspace au mfumo mwingine. Mwishoni kuna maelezo ya anayesimamia akaunti za wenzake, hasa kwenye ofisi ndogo ambako mtu wa TEHAMA ni yeyote aliyewahi kuifanya printa ikubali kuchapa.

Nenosiri huvuja hata kama hukukosea

Tovuti uliyojisajili miaka mingi iliyopita inadukuliwa, orodha ya barua pepe na manenosiri inauzwa, kisha programu za wahalifu zinayajaribu moja baada ya jingine kwenye akaunti za kazi. Mwaka 2021 kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani ilisimamisha bomba lake la mafuta baada ya wadukuzi kuingia kupitia akaunti ya zamani ya VPN, njia ya kuufikia mtandao wa ofisi ukiwa mbali. Akaunti hiyo ililindwa na nenosiri tu. Kampuni ikawalipa wahalifu kikomboleo cha takribani dola milioni 4.4.

Hatua ya pili lazima iwe kitu cha aina nyingine: kitu ulichonacho mkononi, kama simu au ufunguo, au mwili wako wenyewe, kama kidole au uso. Nenosiri likifuatiwa na swali la "shule yako ya msingi ni ipi?" si hatua mbili. Yote mawili ni mambo ya kichwani, na anayeweza kulipata moja hashindwi kulipata la pili.

Chagua hatua ya pili, usiichukue ya kwanza unayoonyeshwa

SMS, yaani kutumiwa namba ya kuingia kwa ujumbe mfupi, ndiyo njia dhaifu kuliko zote, ingawa ni afadhali kuliko kukaa bila chochote. Tapeli huenda kwa kampuni ya simu akijifanya ni wewe, laini yako ikahamishiwa kwenye kadi yake, na kuanzia hapo kila namba ya kuingia inamfikia yeye. Agosti 2019 akaunti ya Twitter ya Jack Dorsey, aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa kampuni hiyohiyo, ilitekwa baada ya wahalifu kuimiliki namba yake ya simu. Ukilazimika kutumia SMS, weka PIN kwenye laini yenyewe, na kwenye mipangilio ya arifa zuia maandishi ya ujumbe yasionekane simu ikiwa imefungwa. La sivyo, kila anayepita mezani kwako anaisoma namba bila hata kuishika simu.

Programu ya uthibitishaji, kama Google Authenticator, Microsoft Authenticator au Aegis, hutoa namba ya tarakimu sita inayobadilika kila sekunde 30. Inafaa kuelewa kinachotokea ndani yake, maana maswali mengi yanajibiwa hapo. Picha ya QR unayoiskani imebeba siri moja, mfuatano wa herufi na tarakimu ambao seva inaujua na sasa simu yako nayo inaujua. Baada ya hapo kila upande unaichukua siri hiyo, unaichanganya na saa ya wakati huo iliyokatwa vipande vya sekunde 30, na kutoa namba. Zikilingana, unaingia. Hakuna kinachotumwa kwenye simu. Ndiyo maana programu hii hufanya kazi bila intaneti na bila laini, hata ukiwa safarini. Ndiyo maana saa ya simu ikienda kombo kwa dakika chache, namba zote zinakataliwa mpaka uiweke ijirekebishe yenyewe. Na ndiyo maana picha moja ya QR ikiskaniwa na vifaa viwili, vyote vitatoa namba ileile. Ukimtumia mwenzako picha hiyo kwa WhatsApp, unakuwa umempa uwezo wa kutoa namba zako siku zote, si kwa mara moja.

Arifa ya kukubali ni ile inayojitokeza kwenye simu ikiuliza kama ni wewe unayeingia. Ni rahisi mno, na urahisi huo ndio tatizo lake, nitalirudia mbele. Microsoft ilianza kulazimisha Mei 2023 kwamba mtumiaji aandike kwenye simu namba anayoiona kwenye skrini ya kompyuta, badala ya kubonyeza kitufe tu. Ofisi yenu ikiwa bado inatumia kitufe kitupu, waulize wahusika kwa nini.

Kisha kuna ufunguo wa usalama, kifaa kidogo kama flashi kinachochomekwa kwenye kompyuta au kuguswa nyuma ya simu, na ndugu yake wa kisasa, ufunguo wa siri, yaani paskii, unaokaa ndani ya simu au kompyuta na kufunguliwa kwa kidole, uso au PIN. Hizi ndizo ninazozipendekeza bila kusita. Sababu ni moja: haziwezi kudanganywa na tovuti bandia.

Tazama kilichotokea Cloudflare, kampuni ya huduma za mtandao, mwaka 2022. Wafanyakazi wasiopungua 76 walipokea SMS zenye kiungo cha ukurasa unaofanana na ule wanaoutumia kuingia kazini. Anwani ya ukurasa huo ilikuwa imesajiliwa chini ya dakika 40 kabla, muda mfupi mno kwa mifumo ya ulinzi kuitambua. Wafanyakazi watatu walinasa, wakaandika manenosiri yao. Ukurasa ule uliandaliwa pia kuomba namba ya tarakimu sita na kuwafikishia wahalifu papo hapo, waitumie kabla haijabadilika. Lakini Cloudflare haikuwa ikitumia namba hizo. Kila mfanyakazi alikuwa na ufunguo wa usalama, na ufunguo hujibu tovuti ileile uliyosajiliwa kwayo, si nyingine inayofanana nayo. Kivinjari hulinganisha anwani herufi kwa herufi, jambo ambalo jicho la mtu aliyechoka saa kumi jioni haliwezi. Manenosiri yaliibwa, wahalifu hawakuingia.

Kwa hiyo, ofisi ikiruhusu: paskii au ufunguo wa usalama uwe njia yako kuu, programu ya uthibitishaji iwe ya pili, na misimbo ya akiba, yaani namba za kuingilia siku njia nyingine zikikosekana, iwe kwenye karatasi. Isiporuhusu, programu ya uthibitishaji na njia nyingine moja ya kurudi.

"Kwani ofisi itaona mambo ya simu yangu?"

Swali la haki, hasa pale mwajiri anapotaka utumie simu yako binafsi. Programu ya uthibitishaji yenyewe haimpi mwajiri picha zako, ujumbe wako wala orodha ya unaowapigia. Kitu tofauti kabisa ni kuiandikisha simu kwenye mfumo wa ofisi wa kusimamia vifaa. Hapo simu itakuomba uruhusu wasifu wa usimamizi, na mwajiri anaweza kupata uwezo wa kulazimisha aina ya PIN au kufuta data za kazi. Ukiona ombi la namna hiyo, soma kabla ya kukubali na uliza linahitajika kwa nini. Usipotaka kazi iguse simu yako hata kidogo, omba ufunguo wa usalama.

Kabla ya kuanza

Kaa kwenye kompyuta ambayo tayari umeingia kwenye akaunti yako ya kazi, na usitoke mpaka mwisho. Simu iwe na kifungo cha skrini, mfumo wake uwe umesasishwa, na saa yake iwe inajiweka yenyewe. Pakua programu kutoka Play Store au App Store tu, ukikagua jina la mtengenezaji. Kuna za kuiga zenye nembo za kufanana, nyingine zinadai malipo kwa kazi ambayo programu halisi huifanya bure. Kuwa na karatasi na kalamu. Na usifanye zoezi hili Ijumaa jioni, watu wa TEHAMA wakiwa wameshaondoka.

Majina ya vitufe hubadilika mara kwa mara na lugha ya skrini yako huenda ni nyingine, kwa hiyo nitataja kazi ya kitufe zaidi ya maandishi yake.

Kuwasha kwenye akaunti ya kazi ya Microsoft

Fungua mysignins.microsoft.com na uingie sehemu ya maelezo ya usalama. Ofisi nyingine hazikusubiri: ukiingia tu, skrini inakuambia taarifa zaidi zinahitajika, na unapelekwa hukohuko. Bonyeza kuongeza njia ya kuingia, kisha chagua programu ya uthibitishaji. Ukitumia Microsoft Authenticator, ifungue kwenye simu, ongeza akaunti, na uchague akaunti ya kazi au shule, si ya binafsi. Hapa wengi hukosea, halafu wanashangaa. Skani picha ya QR. Mfumo utakutumia arifa ya majaribio. Andika kwenye simu namba unayoiona kwenye kompyuta.

Ukitaka programu nyingine, usiskani picha ya kwanza. Chini yake kuna kiungo cha kutumia programu tofauti. Kibonyeze upate picha nyingine ya QR, ambayo ndiyo hutoa namba za tarakimu sita. Kisha rudi kwenye orodha, ongeza njia ya pili, na kama paskii au ufunguo wa usalama umo kwenye chaguo, uongeze leo hii.

Kuwasha kwenye akaunti ya Google

Fungua myaccount.google.com, nenda kwenye usalama, kisha uthibitishaji wa hatua mbili. Ongeza programu ya uthibitishaji, skani, na uandike namba ya tarakimu sita inayotokea. Usiishie hapo. Kuongeza programu si sawa na kuwasha, kwa hiyo hakikisha ukurasa wenyewe unasema uthibitishaji wa hatua mbili umewashwa. Kisha tafuta misimbo ya akiba. Google hukupa 10, kila mmoja wa tarakimu nane na wa kutumika mara moja. Ukiomba seti mpya, ya zamani inakufa yote, hivyo ichane karatasi ya awali isije ikakuchanganya.

Mifumo mingine hufuata mtindo huohuo: mipangilio, usalama, QR, namba ya uthibitisho, misimbo ya akiba.

Paskii na ufunguo wa usalama kwa undani kidogo

Kusajili ni kubonyeza kuongeza, kuchomeka ufunguo au kuthibitisha kwa kidole, na kuupa jina. Taja jina la maana, kwa mfano "ufunguo wa droo ya mezani", maana baada ya miezi sita hutajua upi ni upi unapotaka kuufuta uliopotea.

Ukiingia kwenye kompyuta kwa kutumia paskii iliyo kwenye simu, skrini itaonyesha QR, na vifaa vyote viwili vinatakiwa viwe na Bluetooth iliyowashwa. Hiyo si ziada. Ndiyo inayothibitisha kwamba simu iko karibu na kompyuta, ili mtu aliye mbali asikutumie QR yake uifungulie. Paskii ikigoma kwenye kompyuta ya ofisi, angalia Bluetooth kwanza kabla ya kumlaumu mtu.

Funguo za usalama ni bora ziwe mbili na zisajiliwe siku moja. Mmoja unatembea nao, wa pili unakaa mahali salama. Nyingi huwa na PIN yake. Kwa YubiKey, aina mojawapo ya funguo hizi, ukiikosea mara nane mfululizo, sehemu ya paskii hujifunga na huna budi kuifuta yote na kuanza upya, kwa hiyo usibahatishe.

Njia ya kurudi, kisha ijaribu

Misimbo ya akiba iandikwe au ichapishwe, ikae mahali unapoweka vyeti vyako. Kuihifadhi ndani ya barua pepe ya akaunti ileile ni sawa na kufungia ufunguo ndani ya nyumba. Kuipiga picha nako kuna hila yake, kwa sababu simu nyingi hupakia picha kwenye hifadhi ya mtandaoni bila wewe kukumbuka. Programu nzuri ya kutunza manenosiri inafaa, mradi unaweza kuifungua bila kupitia akaunti hiyohiyo.

Akaunti ya kazi ya Microsoft haimpi mtumiaji misimbo ya akiba ya namna hiyo. Huko njia yako ya kurudi ni kifaa cha pili kilichosajiliwa, au msimbo wa muda wa kuingia unaotolewa na msimamizi. Uliza mapema ni nani anayeutoa na anapatikana saa ngapi, na namba yake iwe kwenye karatasi.

Sasa jaribu. Bila kutoka kwenye dirisha ulilonalo, fungua dirisha fiche la kivinjari (Incognito au InPrivate) na uingie kwa njia kuu. Lifunge, fungua jingine, safari hii chagua kujaribu njia nyingine na uingie kwa njia ya akiba. Ikikataa, bado uko ndani kwenye dirisha la kwanza na unaweza kurekebisha. Zoezi hili la dakika tatu ndilo watu huliruka, na ndilo ninaloliona la maana kuliko mengine yote humu.

Kila siku: usikubali usichokianzisha

Septemba 2022 mdukuzi aliingia kwenye mifumo ya Uber akiwa tayari na nenosiri la mkandarasi mmoja wa kampuni hiyo. Kila alipojaribu kuingia, simu ya mkandarasi ilipata ombi la kukubali. Likaja tena, na tena. Mwishowe akakubali moja. Mdukuzi mwenyewe alidai kwamba alimwandikia pia kwa WhatsApp akijifanya ni mtu wa TEHAMA, akimwambia maombi yatakoma akikubali.

Ukipata arifa wakati hujaribu kuingia popote, chukulia kwamba mtu ana nenosiri lako. Kataa, badilisha nenosiri ukiwa kwenye kompyuta yako, na toa taarifa siku hiyohiyo. Usinyamaze kwa kuwa "nimeshakataa". Na akikupigia mtu anayejua jina lako, cheo chako na jina la bosi wako, akaomba umsomee namba iliyokuja kwenye simu, kata simu. Piga mwenyewe kwa namba ya ofisi unayoijua. Mtu halali wa TEHAMA haihitaji namba hiyo kwa kazi yoyote.

Kisanduku cha kukumbuka kifaa kitie tiki kwenye kompyuta yako ya kazi tu. Hatua mbili hulinda mlango wakati wa kuingia. Ukishaingia, kivinjari kinabaki na kibali cha kukuruhusu uendelee, na virusi vinaweza kuiba kibali hicho bila kuomba namba yoyote. Kwenye kompyuta ya kushirikiana, tumia dirisha fiche na utoke ukimaliza.

Simu mpya, au simu iliyopotea

Ukibadilisha simu, usifute ya zamani wala kuiuza mpaka mpya imekubali kuingia. Google Authenticator ina sehemu ya kuhamisha akaunti kwa QR, na pia inaweza kuhifadhi nakala kwenye akaunti ya Google. Microsoft Authenticator nayo ina nakala rudufu, lakini kwa akaunti za kazi mara nyingi utatakiwa kuingia na kusajili upya. Simu mpya ikishakubali, rudi kwenye orodha ya njia zako na uifute ya zamani.

Simu ikipotea au kuibiwa, ingia kwa njia ya akiba, ondoa kifaa hicho kwenye orodha, kisha toka kwenye vifaa vyote kwa mpigo na ubadilishe nenosiri. Wapigie TEHAMA wakati huohuo, ifunge laini, na uifute simu ukiwa mbali kama ulikuwa umewasha huduma hiyo. Ukiwa huna njia ya akiba, tarajia TEHAMA wakuhoji, wakutake kwenye video au wamwulize msimamizi wako. Usikasirike. Wanaokurudishia akaunti kwa kusikia sauti tu watamrudishia na tapeli.

Akaunti moja, watu wengi

Ukurasa wa kampuni au barua pepe ya mapokezi mara nyingi huwa na nenosiri moja, na namba ya kuingia inatupwa kwenye kundi la WhatsApp kila asubuhi. Dawa ni kuacha kushirikiana nenosiri. Sanduku la barua linaweza kukabidhiwa kwa watu kadhaa, kila mmoja akiingia kwa akaunti yake, na mitandao mikubwa ya kijamii ina nafasi za wasimamizi. Pale inaposhindikana kabisa, programu ya manenosiri ya timu inaweza kutunza ile siri ya QR na kumpa namba kila anayehusika. Anapoondoka mtu, siri hiyo ibadilishwe.

Kwa anayesimamia

Anza na akaunti za wasimamizi na za wanaogusa fedha, kisha wengine wote. Usiache watu wachache nje kwa sababu ya vyeo vyao. Pitia akaunti za walioondoka na za mifumo ya zamani kama ile ya Colonial Pipeline, uzifunge. Zuia njia za kale za kusoma barua zisizojua hatua ya pili. Microsoft ilianza kuzizima kwenye Exchange Online, huduma yake ya barua pepe za ofisi, Oktoba 2022, lakini seva na huduma nyingine huenda bado zinaziruhusu. Kagua pia manenosiri ya programu, yale ya herufi 16 ya Google kwa mfano, maana hayo hupita bila kuulizwa hatua ya pili.

Jitengenezee akaunti mbili za dharura zenye mamlaka kamili, zisizo za mtu mmoja na zisizotegemea simu ya yeyote. Kila moja iwe na ufunguo wake wa usalama, na funguo hizo zikae kwenye sefu mbili tofauti, PIN zikiwa zimefungwa kwenye bahasha. Weka tahadhari itakayowafikia wasimamizi wote pindi yeyote anapoingia kwa akaunti hizo, na kila baada ya miezi michache ingia nazo kwa makusudi, uone kama mlango unafunguka na kama tahadhari inafika.